Wifi Yangu, Mpima Mapafu ya Nguruwe

Wifi yangu hajawahi kukaa kitini mpaka chai ikapoa. Hata akienda kwa watu utamkuta amesimama mlangoni, kikombe mkononi, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ameolewa na kaka yangu miaka kumi na mitano sasa, nami tangu niachike naishi nao, chumba changu kimepakana na chao, kwa hiyo mwendo wake naujua kuliko wangu. Nikisema mwaka huu alihangaika, basi nazungumzia mahangaiko yaliyomshinda hata yeye aliyezaliwa nayo. Na chanzo chake ni mimi. Naona nilitaje hilo mapema, maana nina tabia ya kuzunguka.

Kazini wanamwita Mizani. Alianzia machinjioni, miaka kumi na minane akimsaidia mkaguzi wa nyama, akipasua mapafu na maini kutwa nzima. Siku moja akaja daktari wa mifugo kutoka kituo cha utafiti, mwanamke mfupi mwenye haraka zake, akainua pafu lenye ugonjwa na kuuliza, kama mtu anayejisemea, limeharibika kiasi gani. Wifi akamjibu bila kuinua kichwa: "Robo na kidogo." Daktari akalichora kwenye karatasi ya miraba, akahesabu miraba, akapata asilimia ishirini na saba. Akajaribu la pili, akajaribu la tatu. Mwezi haukuisha, wifi akawa amehamia kituoni. Mimi nilifuata baadaye, na yeye ndiye aliyeniombea ile nafasi ya kufua ovaroli na kusafisha buti za wahudumu wa mabanda. Kwa hiyo hata riziki yangu ilipitia mkononi mwake, na hilo nalo lihesabiwe.

Kazi yake ni hii. Nguruwe akishachinjwa, mapafu yake huletwa kwenye sinia yangali na joto. Pafu zima lina rangi ya waridi iliyofifia, na ukilibonyeza linabonyea kama mkate mpya. Lililoshikwa na mafua makali huwa na mabaka ya rangi ya zambarau, magumu kama ini, na ukikata kipande ukakitia majini kinazama badala ya kuelea. Wifi ana karatasi yenye mchoro wa mapafu uliogawanywa sehemu saba. Anatazama, anapapasa, kisha anachukua penseli na kupaka rangi kila sehemu kwa kadiri ilivyoharibika, na pembeni anaandika asilimia. Hana rula. Ana jicho tu, na jicho lile liliaminika kuliko rula.

Mwaka huu Daktari alikuwa na swali moja. Kulikuwa na kirusi cha mafua kilichotoka kwa binadamu. Ukimtia nguruwe, anapiga chafya siku mbili, basi. Lakini Daktari alichukua makamasi ya nguruwe wale wa kwanza akawatia wengine, na ya hao akawatia wengine tena, hivyo hivyo mpaka duru ya kumi. Alitueleza siku moja tukiwa tumejibanza barazani tunasubiri mvua ipungue.

"Kirusi ni kama mgeni," alisema. "Siku ya kwanza hajui hata choo kiko wapi. Mlaze kwako siku kumi, utamkuta anafungua kabati la sukari mwenyewe."

Alitaka kujua kama kirusi kilichokwisha kumzoea nguruwe kinaharibu mapafu zaidi ya kile kilichotoka kwa mtu moja kwa moja, au kinaenea kwa urahisi tu bila kuumiza zaidi. Nguruwe na watu wanaambukizana mafua, alisema, sisi tunawapa na wao wanatupa, kwa hiyo ni lazima tujue kile tulichowapa kinageuka kuwa nini kikiwa kwao.

Basi wakawekwa nguruwe ishirini na wanne katika vyumba vitatu, wanane kila chumba. Kimoja walitiwa maji ya chumvi tu, kingine kirusi cha mtu, kingine kirusi cha duru ya kumi. Chumba kipi kina nini, alijua Daktari peke yake. Kila chumba kilikuwa na mhudumu wake na buti za mpira za rangi yake, buluu, njano na kijani, ili ugonjwa usisafiri kwa miguu. Siku ya kuchinja, mhudumu anayepeleka sinia kwa mpimaji huvua buti za chumba chake mlangoni na kuvaa nyeupe. Mpimaji hatakiwi kujua pafu limetoka wapi, wala mhudumu yupi ni wa chumba kipi, kwa sababu mtu aliyekwisha kuambiwa ataona alichoambiwa. Ndiyo maana pia ilikatazwa kabisa kuzungumza nje habari za mabandani mpaka nguruwe wachinjwe na mapafu yapimwe, na adhabu yake ni kufukuzwa. Tulitia sahihi sote. Mimi nilitia kwa mwandiko mzuri sana.

Ulimi hauna mfupa, wanasema. Wangu hauna hata mlango. Siku ya nne baada ya nguruwe kutiwa kirusi, nilikwenda kuchukua buti chumba cha kijani, nikachungulia kwenye kidirisha. Walikuwa wamelala ubavu, wanapumua kwa tumbo, mmoja akikohoa mpaka magoti yanagonga sakafu. Wa vyumba vile viwili vingine walikuwa wakigombania mnyororo wa kuchezea. Jioni, tunakula, nikashindwa kuvumilia.

"Hao wa kijani, wifi, hata chakula wamesusa. Wanakohoa hao, utadhani wavuta tumbaku."

Wifi akaweka kijiko chini. "Nyamaza."

"Si nimesema tu."

"Usiseme tu. Mimi ni mpimaji."

"Kwani utaona buti? Si wanavaa nyeupe?"

Kaka yangu ni fundi baiskeli, mtu wa maneno matatu kwa siku. Akasema, "Heri wao. Mimi humu ndani hata kukohoa sipati nafasi." Tukacheka, na mimi nikaona limekwisha.

Siku ya kuchinja ikafika. Asubuhi na mapema niliziloweka buti nyeupe, jozi zote tatu, kwenye pipa la dawa, nikaenda kantini kupiga soga na mpishi. Nilitakiwa kuzitoa baada ya robo saa, nizisuuze, nizianike. Niliporudi zilikuwa bado zimo pipani, zimejaa dawa hadi juu, zinamtoa machozi mtu akiinama. Na mhudumu wa chumba cha kijani, tunamwita Kipara ingawa ana nywele kidogo pembeni, alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi.

"Dada, nyeupe ziko wapi?"

"Kwenye dawa."

"Sasa?"

"Kanyaga kwenye beseni hapo uende na hizo hizo. Nani anaangalia miguu?"

Kipara akaitazama sinia, akazitazama buti zake, akaenda. Wenzake wawili wakafuata nyayo. Kila mmoja alijua ni kosa na kila mmoja alitumaini ni kosa la mwingine.

Lakini mtu anayefanya kazi ameinama huona miguu kabla ya uso. Wifi aliona kijani. Akaona njano, buluu, kisha kijani tena. Hakuweza kuwarudisha, kwa sababu mapafu hayangoji. Yakikaa kidogo tu rangi inageuka na mnyama amekufa bure. Akapima yote ishirini na manne, akapanga karatasi, akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Daktari alipojumlisha hesabu, buluu ilikuwa karibu na sifuri, njano asilimia nne, kijani kumi na tisa. Daktari alifurahi. Alianza kuandika ripoti siku hiyo hiyo, na mlango wake ukiwa wazi tulimsikia akipiga mluzi.

Wifi hakupiga mluzi. Siku tatu nzima nyumbani hakushika jambo akalimaliza. Alianza kuchambua mchele akauacha, akahamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, halafu akalirudisha kwa kuwa lilikuwa linazuia mlango. Alisugua sufuria iliyokuwa safi. Alitoka mpaka getini, akasimama, akarudi kama mtu aliyesahau kitu, akatoka tena. Kibaya zaidi, alianza kupima kila alichokiona. "Doa hilo ni asilimia kumi na mbili ya ukuta," alisema, akionyesha unyevu wa bafuni. Kaka yangu akakata mkate, naye akamwambia, "Umechukua thelathini na tano." Kaka akarudisha kipande. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha.

Siku ya nne akaniuliza, akiwa amenipa mgongo, "Wifi, siku ile buti nyeupe zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa kwenye dawa."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Nilipitiwa."

"Basi," akasema. Wifi huyu akikasirika husema mengi, na neno moja tu sikulizoea.

Kesho yake nilikuwa napeleka ovaroli zilizopigwa pasi kwenye ofisi ya Daktari, nikamsikia wifi ndani. Sikwenda mbele wala nyuma. Nilibaki pale ukumbini na rundo la nguo limenifika kidevuni.

"Tupa hesabu zangu," alikuwa anasema. "Nilijua yepi yametoka kwa wagonjwa."

Kisha Daktari: "Ulijuaje?"

"Nilijua."

"Hilo umeshasema. Nani alikuambia?"

"Daktari, nimekuja kusema la kwangu."

"Sikiliza, mama. Kuna tundu mahali na habari zimevujia hapo. Usiponionyesha, siwezi kuliziba. Na tundu likiwa wazi, siwezi kukurudisha kwenye ile meza. Si kwa ubaya. Kila pafu utakalopima, mtu ataniuliza: huyu naye aliambiwa na nani?"

"Naelewa."

"Taja, urudi mezani. Usipotaja, meza basi."

Nilisikia kiti kikisukumwa. Wifi akasema, "Basi meza basi," akatoka. Tukagongana macho mlangoni. Angeweza kutaja buti, lakini buti peke yake hazina maana kwa mtu asiyejua kijani wanakohoa. Akitaja buti, swali la pili lingekuwa nani alikuambia, na jibu lilikuwa limesimama hapo limebeba ovaroli. Alinipita bila kunigusa. Na mimi, nikiwa na nafasi yangu yote ya kuingia mle na kusema ni mimi, niliingia, nikaweka nguo juu ya meza, nikasema, "Za wiki hii, Daktari," nikatoka.

Daktari alikuwa na picha. Kila pafu hupigwa picha mbele na nyuma kabla halijafika kwa wifi, na vipande huwekwa kwenye chupa za dawa ya kuhifadhi. Akabadilisha namba zote, akapeleka picha na vipande kwa mpimaji wa kituo kingine, mtu asiyetujua wala kujua rangi zetu, apime upya na kutazama vipande kwa hadubini. Itachukua wiki sita, tuliambiwa. Ripoti ikasimama. Na wifi, kwa kuwa hakuwa na meza, akaletwa kufua na mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nikizifua hizo nguo. Wiki sita tulisimama kwenye karo moja. Alisugua buti mpaka rangi ikaanza kutoka. Zile nyeupe alizitoa kwenye dawa kwa saa ya mkononi, dakika kumi na tano kamili. Siku ya mapafu ya utafiti mwingine kuletwa, sinia zikipita kwenye ukumbi, aliacha bomba wazi akaenda mpaka kwenye kona, akarudi, akaenda tena, maji yakamwagika hadi kwenye viatu vyetu. Walimweka kijana msomi kwenye meza yake, na kijana yule alitumia rula. Wifi alimwona kupitia kioo. "Anapima bapa," aliniambia. "Pafu si bapa." Ndilo neno pekee la kazi alilonipa kwa wiki sita.

Mimi nilikuwa na roho juu juu kila siku ya Mungu. Kila asubuhi nilijiambia leo nasema. Nikifika getini ninakumbuka umri wangu, na kwamba niliachika bila chochote, na kwamba sijui kazi nyingine. Nikajitia hamnazo. Nilimpikia anachopenda, nilimfulia mashuka, nilimsifia kila vazi. Alikula, akalalia mashuka, akavaa. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana mnaweza kuanza upya, lakini huyu hakunilaumu mdomoni na bado anahangaika miguuni, na mimi ndiye niliyekuwa nikiisikia hiyo miguu kutoka ukuta wa pili.

Majibu yalikuja siku ya Alhamisi. Daktari alituita wote kwenye chumba cha mikutano, wahudumu, kijana wa rula, sisi wa karo. Alisoma akiwa amesimama. Buluu, karibu na sifuri. Njano, nne. Hapo nikashusha pumzi. Kijani, thelathini na moja.

Akarudia: thelathini na moja. Hadubini nayo ilisema vivyo hivyo. Njia ndogo za hewa zilikuwa zimechubuka na kuziba kabisa. Kirusi kile kilichozunguka duru kumi kwa nguruwe hakikujifunza kuenea tu, kilijifunza kuumiza. Jibu la Daktari lilikuwa sahihi, tena kwa nguvu kuliko alivyodhani. Lakini hakuwa anapiga mluzi. Alikuwa anamtazama wifi.

"Uliandika kumi na tisa," alisema. "Nilidhani kama umekosea, utakuwa umezidisha."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, kama kawaida yake. Safari hii miguu yote miwili ilikuwa ndani na haikutikisika.

"Niliogopa kuzidisha," akasema. "Kila lililoletwa na kijani, nilisema moyoni, hili unaliona bovu kwa sababu umeshajua. Nikapunguza. Nikaona thelathini nikaandika ishirini. Nikaona ishirini na tano nikaandika kumi na tano. Nilifikiri natenda haki." Akamgeukia Daktari. "Jicho liliona sawa. Niliyoyaona sikuyaandika."

Sijawahi kumsikia wifi akisema hivyo. Miaka thelathini na kitu ya kutazama mapafu, na siku moja tu hakuliamini jicho lake, kwa sababu ya maneno yangu ya mezani niliyoyasema kwa ajili ya kufurahisha jioni. Nilisimama.

"Tundu ni mimi," nikasema. "Nilimwambia nyumbani kwamba wa kijani wanakohoa. Alininyamazisha. Halafu buti nyeupe nikazisahau kwenye dawa, nikawaambia hawa waende na za rangi. Kipara hana kosa."

Kipara akatazama dari. Daktari hakushangaa sana. Nadhani alikuwa anajua, kwani wifi anaishi na nani mwingine anayegusa buti? Alisema tu, "Asante. Andika, utie sahihi." Niliandika mwenyewe. Safari hii mwandiko ulikuwa mbaya.

Wifi alinikuta nje, karibu na kamba za kuanikia. Nilitegemea atanikumbatia, nisidanganye.

"Wiki sita," akasema. "Ulikuwa unanitazama nikisugua, wiki sita."

"Niliogopa, wifi."

"Najua. Hata mimi niliogopa." Kisha akaniacha hapo, akaenda kufunga bomba.

Nilifukuzwa siku ile ile, na ni haki. Sasa nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, hakuna siri huko ila za wageni, nazo hazinihusu. Wifi alijaribiwa kwa picha hamsini dhidi ya yule mpimaji wa mbali, wakatofautiana kwa asilimia moja na nusu, akarudishiwa meza. Kanuni mpya ikaandikwa: mpimaji haongei habari za kazi na mtu yeyote, hata wa nyumbani, hata nguruwe wakiwa wameshachinjwa. Alitia sahihi.

Siku yake ya kwanza mezani nilipika mapema. Alikuja, akakaa kitini, akala. Nilikuwa na maswali yamejaa mdomoni: wameleta mangapi, yanazama au yanaelea, kijana wa rula amehamishiwa wapi. Kwa miaka yote mimi na wifi tumeishi kwa kusimuliana kazi, hakuna kingine tulichowahi kuzungumza kwa raha, na sikujua hilo mpaka jioni ile. Nikamwuliza kama chumvi imekolea.

"Imekolea," akasema.

Kaka akatutazama mmoja baada ya mwingine. Akaanza kusimulia habari ya mteja aliyeleta baiskeli isiyo na mnyororo, akaisimulia mpaka mwisho, kirefu kuliko alivyowahi kusema chochote nyumbani humo. Wifi akanawa, akanishukuru kwa chakula, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Nilibaki nakusanya sahani, natega sikio kwenye ukuta. Sikusikia hatua hata moja.